Gundi na Kiraka cha Ndani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anaitwa Gundi, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ni fundi viatu. Mafundi viatu wengine wakifunga kazi jioni huiacha gundi kwenye kopo lake. Huyu wetu huondoka nayo. Ameshagundisha mpini wa sufuria, mguu wa meza, miwani ya dada, na kuna siku aligundisha mche wa mnyanya uliovunjika kwa upepo. Mche ulikufa umesimama. Ukimwambia kitu kimeharibika, mkono wake unaanza kupapasa kopo kabla hujamaliza kueleza.

Mimi ni fundi cherehani. Tunafanya kazi baraza moja, yeye kushoto mwa mlango wa duka la vifaa vya umeme, mimi kulia. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu. Yale ambayo sikuyaona kanisimulia mwenyewe, nami nimeyapunguza chumvi.

Ana msimamo mmoja ambao hata umtishie kwa bunduki haubadilishi: kiraka lazima kionekane. Kiatu kikitoboka ubavuni, yeye hubandika ngozi kwa nje na kuizungushia mshono wa uzi mnene, mara nyingine wa rangi tofauti kabisa na kiatu. Mteja akinung'unika, anaambiwa, "Kiraka cha ndani ni cha mafundi waoga. Kama kazi ni nzuri, unaficha nini?" Ng'ambo ya barabara yuko fundi mwenzake anayetia viraka kwa ndani, safi kabisa, huwezi kuviona. Hawajasalimiana vizuri kwa miaka.

Sasa, kila fundi viatu ana kile chuma chenye umbo la mguu, anachokivalisha kiatu wakati wa kushona au kugonga. Shemeji anacho, kizito, alichoachiwa na baba yake. Anakitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kiatu chenyewe hukibana katikati ya mapaja, kisha husukuma msharasi, ile sindano nene yenye mpini wa mbao ya kutobolea ngozi, kuelekea kwake mwenyewe. Nimemwambia mpaka mdomo umechoka.

"Shemeji, utajitoboa."

"Shemeji, mimi na huu msharasi tumezeeka pamoja. Tunajuana."

Siku ya siku akaletewa buti la mlinzi wa ghala, soli yake ngumu kama sakafu. Mlinzi alikaa kwenye benchi akisubiri, mguu mmoja na soksi. Shemeji alisukuma, msharasi ukagoma. Akasukuma tena, ukagoma. Akavuta pumzi, akaulalia kwa kifua chote, na hapo ukakubali. Ulipita kwenye soli, ukapita na upande wa pili, ukaingia pajani mwake, upande wa ndani, juu ya goti, mpaka kwenye mpini.

Nilisikia "eh!" moja ndogo, kama ya mtu aliyekumbuka kuwa ameacha ufunguo nyumbani. Nilipogeuka, damu ilikuwa inaruka. Ilifika kwenye viatu vyeupe vya mteja mwingine vilivyokuwa vinasubiri kufutwa vumbi tu. Mimi nikapiga kelele, mlinzi akatoa macho, mwenye duka la umeme akatoka, akaona, akarudi ndani. Shemeji akachukua tambara la kung'arishia viatu, akabana pale kwa mikono miwili muda mrefu sana huku jasho likimtiririka.

Damu ilikata. Basi, mtu mwenye akili zake hapo angekwenda hospitali. Huyu alifungua kopo. Akapaka gundi kuzunguka kitobo, akaipuliza ikauke kidogo kama inavyotakiwa, akakata kipande cha ngozi ya ndama, akakibandika. Kisha akachukua nyundo akakigonga. Alikigonga taratibu, lakini alikigonga.

"Imekwisha," akasema. "Haivuji."

"Wewe si kiatu!"

"Ngozi ni ngozi, shemeji."

Na buti la mlinzi alilimaliza siku hiyo hiyo. Mimi huwa napandwa na hasira nikisimulia hapa, kwa hiyo nitapita haraka.

Kwa nje kile kitobo kilipona vizuri tu. Kiraka kilipobanduka alikibandika kingine, na alikuwa anakisifia. Lakini paja lilianza kujaa. Unyayo wa kushoto ukawa wa baridi, ukawa unakufa ganzi, na mzee akaanza kupenda sana kutazama madirisha ya maduka. Tukitoka barazani kwenda nyumbani, anatembea kidogo, anasimama. Mara anatazama masufuria, mara pikipiki. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya saluni ya kina mama, anasoma bei za kusuka nywele kwa makini.

"Unataka kusuka?" nikamuuliza.

"Natazama tu maendeleo," akasema, huku amejishika paja.

Aliyeng'amua mambo ni dada. Ilikuwa Jumapili mchana, wamekula, wamejilaza. Dada akamgusa mumewe begani.

"Baba watoto, simu yako inatetema. Pokea."

"Simu iko mezani."

Dada akatazama mezani. Simu ilikuwepo pale, imelala, kimya. Akaweka mkono pale mtetemo ulikotoka, na mtetemo ukaendelea. Ulikuwa unatoka pajani mwa mume wake.

Nyumba zetu zimepakana ukuta. Yowe lile nililisikia kama limepigwa sikioni mwangu. Nikafika mbio nikidhani ni nyoka. Dada akaniambia niweke mkono. Nikamwambia siwezi kumshika shemeji yangu paja, hata dunia iwe inaisha. Akaninyang'anya mkono akaubandika mwenyewe, juu ya blanketi. Mungu wangu! Mguu ulikuwa unanguruma kama paka aliyeshiba.

"Ni damu inatembea," shemeji akasema, amenuna. "Kwani zenu hazitembei?"

Tulimpeleka hospitali kwa nguvu. Njiani alikuwa na hoja moja tu, akairudia mpaka dereva wa teksi akaongeza sauti ya redio. Anaye mteja, alisema, aliyekwenda hospitali na kidonda cha kidole, na sasa anamshonea kiatu kimoja kimoja. Mguu wake yeye haukatwi. Fundi viatu wa mguu mmoja! Watu watakuja kumtazama yeye badala ya viatu. Alisema kwa utani, lakini midomo ilikuwa imemkauka, na pale ndipo nilipojua kwamba zile siku zote za kutazama masufuria mtu huyu alikuwa anaogopa.

Daktari wa mishipa alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mkato. Alipofunua paja akakutana na ngozi ya ndama.

"Hii ni nini?"

"Kiraka," shemeji akasema.

"Nani alikutia?"

"Mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Gundi ya viatu. Ile ya kopo la njano, si ya kopo jekundu. Ile ya jekundu haifai."

Daktari alimtazama kwa muda, akatoka nje ya chumba. Tulimsikia akicheka huko kwenye korido. Aliporudi uso ulikuwa umenyooka, akaweka kifaa chake cha kusikilizia pajani, na safari hii hakucheka.

Wakampima kwa mashine ile ya kutelezesha juu ya ngozi. Kisha daktari akatueleza bila kuzunguka. Ule msharasi ulitoboa mishipa miwili iliyolala pamoja: ule mkubwa unaopeleka damu mguuni, na mwenzake unaoirudisha. Kiraka kiliziba mlango wa nje tu. Huko ndani matundu mawili yakaungana, damu ikapata njia ya mkato, na pembeni ukavimba mfuko kama puto. Badala ya kushuka unyayoni, damu nyingi ilikuwa inarukia mshipa wa pili na kurudi ilikotoka. Ndiyo maana mguu ulikuwa unanguruma. Ndiyo maana unyayo ulikuwa wa baridi.

"Ukikaa hivi," akamwambia, "ama mguu utakwenda, ama puto litapasuka uende wewe mzima."

"Kwa hiyo mnakata."

"Sijasema tunakata. Nataka kuingilia kwenye paja la kulia, kitobo kidogo tu. Napitisha waya na mrija mwembamba ndani ya mshipa, napanda mpaka tumboni, nashuka upande wa kushoto mpaka penye tundu. Hapo naacha kibomba cha nyaya kilichovishwa kitambaa. Kinafunguka, kinalala ukutani mwa mshipa, kinaziba tundu. Damu inapita katikati."

Shemeji alijiinua kwa viwiko. "Ngoja. Hicho ni kiraka cha ndani."

"Ni kiraka cha ndani."

"Kitabanduka."

"Hakibanduki."

"Kitasugua! Daktari, mimi hii ni kazi yangu, ukiweka kitu kwa ndani kinasugua!"

"Wewe huvai mshipa, baba," daktari akasema. "Mshipa hautembei ndani ya kiatu."

Lakini hakuficha kitu. Waya ukishindwa kupita, itabidi wafungue paja lote, na humo ndani kulishavurugika, mambo yanaweza kuwa mabaya. Hakuahidi mguu. Alisema tu kwamba kila siku inayopita, bahati inapungua. Shemeji akasikia hilo la kutoahidi, mengine yote yakampita. Akageukia ukutani, akasema anarudi nyumbani kufikiria. Dada alimbembeleza, akamfokea, akamwita kichwa kigumu na majina mengine ambayo wodi nzima iliyafurahia. Mtu akakaza shingo. Mimi mwenyewe nilimwambia maneno makali ambayo siyarudii, na hakugeuka.

Saa ya kutazama wagonjwa, mama yetu akaja.

Hapa lazima mjue jambo moja. Tangu amemwoa dada, shemeji hajawahi kukunja hata mguu wa suruali mbele ya mama mkwe wake. Mama akiingia uani naye yuko na kaptula, anaruka dirisha. Siku moja aliruka akaangukia kwenye beseni la nguo, akabaki humo humo mpaka mama alipomaliza chai. Basi mama alipotokea mlangoni mwa wodi, shuka ilipanda mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Hebu nikione hicho kidonda."

"Si kidonda sana, mama."

"Kiko wapi?"

Dada akatazama dirishani. Mimi nikapata kazi ya ghafla ya kupanga machungwa.

"Kiko mguuni, mama."

"Basi toa mguu nione."

"Ni mguuni... kwa juu, mama."

Mama akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba wake magotini. "Sikiliza, mwanangu. Nimekutana na daktari hapo nje, kaniambia unakataa. Mimi nimeuguza baba yao mpaka nikamzika, hakuna mguu unaonitisha. Chagua moja. Ama unamwambia daktari ndiyo, ama unafunua hii shuka sasa hivi nijionee mwenyewe kitu gani kinamkosesha binti yangu kula."

Akashika pindo la shuka.

"Ndiyo!" Shemeji alipiga ukelele, muuguzi akaangusha sinia la vidonge. "Daktari! Ndiyo! Mwiteni, nimesema ndiyo!"

Mama akaachia shuka, akaitandaza vizuri, akamwuliza kama wanamletea uji wa moto.

Kazi ilifanyika kesho yake asubuhi. Hawakumlaza usingizi, walimchoma sindano ya ganzi pale pa kuingilia tu, kwa hiyo alikuwa macho, na ole wao waliokuwa humo. Anasema walimlaza chini ya mashine kubwa, na kando yake kulikuwa na skrini inayoonyesha mambo ya ndani ya mguu wake. Waliposukuma dawa ya kuonyesha mishipa, joto lilimshuka kiunoni hadi mapajani, akashtuka.

"Daktari, samahani sana," akanong'ona. "Nadhani nimejikojolea."

"Hujajikojolea. Ni dawa. Kila mtu anasema hivyo."

"Kila mtu?"

"Hata mkuu wa mkoa mmoja alisema hivyo. Tulia."

Akatulia, akatazama skrini. Akauona mshipa wake ukishuka mweusi na mnyoofu, kisha mahali pamoja ukachafuka: wingu, na kutoka kwenye wingu damu ikikimbilia njia isiyo yake. Msharasi wake mwenyewe ndio uliofanya vile. Anasema aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Kisha waya ukafika pale, na ukakataa. Kila mara daktari alipousukuma uteremke, ulidumbukia kwenye tundu na kuingia mshipa wa pili, kule ambako damu nayo ilikuwa inapotelea. Akaurudisha, akaujaribu tena, ukaenda kule kule. Mara ya kwanza shemeji alitaka kutoa ushauri, akaambiwa anyamaze. Ilipoendelea hivyo alinyamaza bila kuambiwa. Daktari akaomba waya mwingine, wenye ncha iliyopinda kidogo, akaomba na taa ipunguzwe, na shemeji akasikia mtu nyuma yake akiuliza kwa sauti ndogo kama wawaambie wenzao wa chumba cha upasuaji wajiandae.

Ndipo mtu huyu, ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu bila kutia utani, alipofumba macho akasema, "Mama, naomba mguu wangu." Anasema hajui kama alimwambia daktari, au mama yake mzazi, ambaye ni marehemu.

"Fumbua macho," daktari akasema. "Umepita."

Waya ulikuwa umeshuka chini ya wingu, mnyoofu. Kibomba kikapandishwa juu yake, kikafunguliwa polepole pale penye tundu, wakasukuma dawa tena. Wingu halikuwepo. Mshipa ulishuka mweusi mpaka gotini, mpaka chini.

Shemeji badala ya kushukuru akaanza kuhangaika. "Daktari! Umezima!"

"Nini kimezima?"

"Mguu! Ulikuwa unanguruma, sasa kimya! Umekufa!"

Alikuwa ameuzoea ule mngurumo wiki zote zile kiasi kwamba kimya kilimtisha. Daktari akaenda upande wa miguu, akaweka kidole juu ya unyayo wa kushoto, akaita wapewe kile kimashine kidogo chenye spika. Chumba kikajaa sauti: fwu, fwu, fwu. "Huo ndio mguu wako," akamwambia. "Unapiga huku sasa, panapotakiwa." Shemeji anasema hakulia. Muuguzi aliyekuwa ameshika kichwa chake anasema walibadilisha mto.

Baada ya hapo aliamriwa alale chali, mguu wa kulia umenyooka, asikunje mpaka jioni. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kazi yenyewe. Na wageni wakaja. Baba yake mdogo alisafiri kwa basi kutwa nzima, akaingia wodini na uso wa msiba.

"Haya, tuone walipokupasua."

Mama hakuwepo, kwa hiyo shemeji akafunua kidogo. Palikuwa na plasta. Plasta moja, kama ya mtoto aliyeanguka kwenye baiskeli, tena kwenye mguu wa pili.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na ulioumia ni mguu ule?"

"Ule."

Baba mdogo akatazama mguu huu, akatazama ule, akanitazama mimi. "Nimepanda basi kuja kuona plasta," akasema, na machungwa aliyoleta akayagawa, nusu akarudi nayo. Shemeji aliteseka. Yeye ambaye kila kiraka chake kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, ametiwa kiraka kikubwa kuliko vyote na hana cha kuonyesha. Alijaribu kueleza kwa mikono: waya, kona ya tumboni, wingu. Watu walitikisa kichwa kwa adabu wakaulizana habari za mvua.

Asubuhi ya kuruhusiwa nilikuwepo. Ndala alizojia zilikuwa zimeondoka na mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyetoka bila kutazama chini. Si shida, kulikuwa na mfuko wa nguo alioufunga dada nyumbani asubuhi ile ya kutiwa kibomba, kabla mumewe hajapelekwa ndani. Shemeji akatoa shati. Akatoa suruali. Akatoa soksi moja, na kiatu cha kulia. Akaingiza mkono tena, akapapasa, akaugeuza mfuko juu chini. Kikaanguka kitana.

"Mama watoto, cha kushoto kiko wapi?"

Mimi nilianza kucheka. Kisha nikamwona dada uso wake, kicheko kikanikwama.

"Kiko nyumbani," akasema. "Nilivitia vyote viwili. Halafu nikakitoa. Nikasema, wakiukata, mimi nitarudije nyumbani nimebeba kiatu kisicho na mguu?"

Siku zile zote ukuta wetu ni mmoja, nimemsikia akifoka, akigombeza, akihesabu makosa ya mume wake tangu ujana, na sikujua kwamba alikuwa amebeba jambo hilo kifuani. Shemeji naye hakujua. Akavaa soksi, akavaa kile kimoja, akafunga kamba kwa muda mrefu kuliko kamba inavyotaka.

"Nikimbie dukani nikuletee ndala," nikasema.

"Acha."

Akasimama. Akamshika dada mkono mbele ya watu, jambo ambalo sijaliona tangu waoane, wakatoka wodini, yeye mguu mmoja na kiatu, mwingine mtupu. Wagonjwa walitazama, wafagiaji walitazama. Katikati ya korido akasimama, akausugua ule unyayo wa kushoto kwenye vigae, mbele na nyuma.

"Sakafu ya baridi," akasema.

"Utapata mafua," dada akamjibu, machozi yanamchuruzika.

"Baridi kabisa, mama watoto. Naisikia." Na alirudia hivyo hivyo njia nzima mpaka getini.